Babu Yako Asijue

Katika kabati langu la vyombo, nyuma ya birika lisilotumika, lipo kopo la majani ya chai ambalo tangu nilijue halijawahi kutiwa majani ya chai. Rangi yake imebanduka na kifuniko kimelegea. Wiki iliyopita mjukuu wangu alilifungua akitafuta biskuti, akapiga chafya mara tatu, kisha akaniuliza ni kitu gani kimefia humu ndani. Nilicheka mpaka ikabidi nikae. Miaka yote hiyo, na tumbaku ya bibi yangu bado inawatoa watu chafya. Nikaona niiandike habari yake kabla sijaondoka nayo, maana tunaomkumbuka tumebaki wachache, na ninyi wa rika langu ndio mtakaonielewa.

Bibi alizaliwa upande wa Bujora, akaitwa Kabula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Akaolewa mjini na babu, fundi cherehani ambaye wazee wake walikuja na misafara kutoka Tabora, na kwa ajili yake akasilimu na kuitwa Zuhura. Mbele ya watu babu alimwita Mama Shabani, kwa jina la baba yangu. Wakiwa wawili tu alimwita Kabula. Nilijua hilo kwa sababu chumba nilicholala kilitenganishwa na chao kwa ukuta ambao haukufika juu, na masikio yangu siku hizo yalikuwa kama mdomo wangu, hayakujua kupumzika.

Wazazi wangu walikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Geita, ambako baba alikuwa karani kwenye jineri ya pamba. Mimi nililetwa Mwanza nisome. Nyumba yetu ilikuwa Mabatini, na nyuma yake palikuwa na jiwe moja kubwa, refu kuliko paa, ambalo mbuzi wa jirani walilifanya kitanda. Ukipanda juu uliliona ziwa na moshi wa meli. Ukizunguka nyuma yake hukuonwa na mtu yeyote, na ndiyo maana bibi alilipenda.

Mnajua kwamba mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani. Bibi aliuchukua utani huo kwa uzito wote. Hakuniita mjukuu hata mara moja. Aliniita mke mwenzangu, akanigawia kazi kama mke mdogo na kunilaumu kama mke mdogo. Na kila siku, babu alipokwenda msikitini kuadhini alasiri, aliniita kutoka nyuma ya jiwe kwa sauti ya chini.

"Mke mwenzangu, lete moto."

Nilichagua kaa zuri jikoni, nikaliweka juu ya kigae cha chungu na kukimbia nalo huku nikilipuliza lisizimike. Nilimkuta amekwisha kukifungua kiko chake kutoka kwenye kitambaa, kimoja cha vile vipande vilivyobaki chini ya cherehani la babu. Kichwa cha kiko kilikuwa cha udongo mweusi na mrija wake wa mti, mfupi, umetafunwa mwishoni. Alikishindilia tumbaku kwa kidole gumba, akaweka kaa, akavuta, akafumba macho. Harufu ile ilikuwa kali, yenye utamu wa mbali, kama majani makavu yaliyolowa asali. Kisha alifumbua jicho moja na kuniambia maneno yale yale ya kila siku.

"Babu yako asijue."

Alinieleza mwenyewe kisa chake. Alifundishwa kuvuta na mama yake, wakipumzika shambani. Babu alipoposa, alimwomba jambo moja tu, aache tumbaku, na yeye akaahidi. Na aliacha kweli, aliniapia, siku saba nzima. Siku ya nane aliota anavuta, akaamka anakohoa, akaona kama kikohozi kipo, tumbaku ya nini ikosekane.

Na babu alikuwa mtu wa kuogopwa katika jambo hilo. Alikuwa mwembamba, mpole, anayezungumza na pini midomoni, lakini mteja aliyekuja na sigara aliizima nje kabla ya kupimwa suruali. Alisema moshi unaingia katika nguo na hautoki. Mimi nilipomsikia nilimtazama bibi, naye aliinama kwenye mchele anaouchagua kama mtu ambaye hajawahi kuuona moshi.

Tumbaku ilikaa katika kopo hili, juu ya boriti ya jikoni. Na jambo la ajabu, haikuisha. Bibi alichota leo, akachota kesho, akafika karibu na kitako, na asubuhi moja ukilishusha kopo unalikuta limejaa. Nilimuuliza bibi inakuwaje. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilibaki cha Bujora mpaka mwisho, alinijibu, "Ng'wana wane, mwanangu, hii ina balaka."

Mimi nilikuwa nasoma Kurani kwa mwalimu, na mambo ya baraka na malaika nilikuwa nayo kichwani. Nikakata shauri kwamba malaika ndiye anayelijaza. Nilikaa jikoni Ijumaa nzima nikilitazama lile kopo bila kupepesa, nikaunguza maharage, nikachapwa, na malaika hakuja. Kesho yake limejaa. Nikaelewa kwamba malaika huyu ana aibu. Bibi kwa upande wake hakumfikiria malaika. Alimfikiria Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa Mzaramo, mke wa mfanyakazi wa reli, aliyeletwa Mwanza na treni na kukaanga vitumbua pembeni ya nyumba yetu tangu kabla sijazaliwa. Wazaramo na Wasukuma ni watani, basi wale wawili walitukanana kutoka asubuhi hadi jioni. Bi Tatu aliingia jikoni kwetu bila hodi, akafunua chungu, akala kipande kikubwa cha sato, akasema samaki mzuri amepikwa na mchawi. Bibi alikwenda kwake na kuchukua vitumbua vitatu akimwambia hivyo ni vya kumfukizia shetani wake. Siku moja, nikiwa nimekaa katikati yao nikisukwa, Bi Tatu alimwambia bibi kwamba akitangulia kufa, yeye atavaa kanga zake na kutembea kama bata, watu wacheke mpaka maiti ageuke. Bibi akajibu kwamba akitangulia Bi Tatu, atamkaanga na mafuta yake mwenyewe, maana anayo ya kutosha. Walicheka wakashikana mabega. Nikacheka nao, nikidhani ni maneno tu ya kupitisha mchana.

Mwaka ule wa mwisho mji mzima ulikuwa unasubiri uhuru. Babu alipata kazi ya bendera mpaka cherehani likawa linapata moto. Sakafu ilijaa vipande vya kijani na vyeusi, na kiko cha bibi kikahamia katika kitambaa kipya cha kijani. Nyuma ya jiwe, bibi alinipa habari yake kubwa.

"Siku ya uhuru nitavutia barazani," alisema. "Mbele kabisa, watu wote waone. Mkoloni akiweza kuondoka, na mimi naweza kutoka nyuma ya jiwe."

Nilimuuliza na babu je. Akavuta, akatoa moshi polepole, akasema hilo tutaliona siku hiyo.

Hakuiona. Alishikwa na homa ya kifua, siku ya kwanza akakataa kulala, ya pili akalala, na babu akaliacha cherehani akakaa kitandani kwake mchana kutwa, akimpa uji kwa kijiko. Siku ya tatu babu alipotoka kuswali, bibi aliniashiria kwa mkono. Nilielewa. Nikaleta moto. Nilimwekea kiko mdomoni, lakini pumzi haikumtosha kuvuta, na lile kaa likazima lenyewe juu ya tumbaku. Aliniambia nikafiche. Alisema na yale maneno yetu, kwa shida, lakini aliyasema yote.

Nilipanda kwenye kinu, nikalishusha kopo ili nikiweke kiko humo. Lilikuwa tupu. Tangu nilijue halijawahi kuwa tupu. Nikajua bibi anakufa, kwa sababu baraka imeondoka nyumbani, na nikalia palepale jikoni kabla ya mtu mwingine yeyote kulia. Alikufa kabla ya jua kuchwa.

Sasa nataka mnielewe akili yangu siku ya mazishi, maana ndiyo iliyoniponza. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba mke akifa mume wake yuko radhi naye, njia yake ni nyepesi, na mume asipomridhia, ole wake. Alitufundisha pia kwamba watu wakishamzika mtu na kugeuka kurudi, malaika wawili humjia kumhoji. Kabla jeneza halijainuliwa nilikuwa nimesimama dirishani. Nilimsikia mzee mmoja akimuuliza babu mbele ya watu kama amemridhia mkewe. Babu akajibu kwa sauti ile ile ya adhana kwamba amemridhia, duniani na akhera. Wanawake walio karibu nami wakafuta machozi. Mimi nikafanya hesabu yangu. Amemridhia kwa sababu hajui. Akijua leo kwamba Kabula wake alimdanganya miaka yote, atairudisha radhi yake, na malaika ndio kwanza wanaanza maswali. Siku hiyo moja tu nilitakiwa kuufunga mdomo wangu, na uhai wote wa bibi huko aliko ulikuwa juu ya mdomo huo.

Wanaume walirudi kutoka makaburini wakakaa mbele kwenye mikeka. Wanawake walijaa uani. Nilikuwa nimejikunyata karibu na mtungi wa maji niliposikia mtu anaguna mlangoni mwa jikoni, ule mguno wa bibi wa kuinuka. Nikainua kichwa. Bi Tatu alikuwa anatoka jikoni amevaa kanga ya bibi, ile ya mistari, amejifunga kilemba kama cha bibi, mkono mmoja kiunoni, mguu wa kushoto ukitupwa nje kidogo kama bibi alivyoutupa. Na mdomoni alikuwa na kiko.

"Mke mwenzangu yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ya bibi. "Lete moto. Na habali za huko mbele? Mzee bado analia, au ameshaanza kuchagua mke?"

Wanawake waliangua kicheko. Wengine walicheka huku machozi yanawatoka, shangazi yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Leo najua mtani ana kazi yake msibani, na kwamba alikuwa anatimiza alichoahidi. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba maneno ya mchana ule wa kusukana yalikuwa ahadi. Nilichokiona ni adui aliyejifanya rafiki miaka yote, amemwacha bibi afukiwe, kisha ameiba siri yake na kuipitisha uani. Na kwamba wote wanacheka. Na kwamba hatua kumi kutoka pale, nyuma ya mlango mmoja, amekaa babu.

Nilimrukia Bi Tatu nikamng'ata mkono. Nilimng'ata hasa. Na nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Rudisha kiko cha bibi! Babu asijue! Babu akijua bibi anavuta tumbaku, bibi atachomwa!"

Kicheko kilikatika. Mbele nako minong'ono ya wanaume ikakatika. Nilisikia kuku mmoja akiparua nyuma ya jiko, basi. Ndipo nilipoelewa kwamba Bi Tatu hakuwa amesema neno lolote lililofika mbele. Aliyesema ni mimi.

Mlango wa uani ulifunguliwa na babu akasimama hapo na kanzu yake iliyokuwa na udongo mwekundu magotini. Shangazi alinivuta nyuma yake. Bi Tatu hakuomba radhi wala kukivua kilemba, mtani haruhusiwi. Aliunyosha mkono ulioota alama za meno yangu.

"Bwana fundi," alisema, "mkeo mdogo amenikasirikia, na mtani hakasirikiwi. Nataka faini. Bila faini hiki kiko sikitoi."

Babu alikitazama kile kiko kwa muda. Nilikuwa nasubiri uso wake ubadilike. Badala yake alitia mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa kifurushi kidogo cha gazeti kilichofungwa kwa uzi wa cherehani, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Tatu. Harufu ilitufikia sote kabla hajasema kitu.

"Niliinunua Jumatatu," babu alisema. "Sikupata nafasi ya kulijaza kopo."

Bi Tatu alikinusa kile kifurushi, akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, na kanga ya bibi mwilini, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye. Alipoweza kusema alimwambia babu, "Kumbe ni wewe. Miaka yote mwenzangu ananishukuru mimi, na mimi nazipokea shukrani."

Babu akacheka. Kidogo, kwa pua, lakini alicheka, siku ya kumzika mkewe. Kisha alinitoa nyuma ya shangazi, akachuchumaa, na mimi nikamuuliza kwa kwikwi kama atairudisha radhi yake. Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliniambia neno ambalo nimelibeba katika ndoa yangu yote ya miaka arobaini na mitatu.

"Mke wangu," alisema, "nilipomridhia, nilimridhia pamoja na kiko chake."

Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia kwamba anajua. Alisema bibi alikwenda kujificha nyuma ya jiwe kwa ajili ya heshima yake yeye, na mtu akikustahi, nawe umsitiri. Kwa umri ule sikuona mantiki yoyote. Niliona wazee wawili waliopoteza muda mwingi kuzungukana. Sasa kila nikiufikiria ule uzi wa cherehani, uliofungwa fundo dogo safi kila wiki kwa vidole vya mtu aliyechukia tumbaku, naona sikuwahi kumpa mume wangu kitu kizuri kama hicho, Mungu amrehemu.

Bi Tatu alinirudishia kiko siku ile ile. Tumbaku ya faini aliondoka nayo, kama ilivyo haki ya mtani. Lakini baada ya khitma nilipanda kwenye kinu kulishusha kopo, nikalikuta limejaa, na safari hii sikumsingizia malaika.

Babu alirudi kwenye cherehani akamaliza bendera za watu. Mimi, na huu mdomo wangu, nikamsimulia vyote vilivyobaki: zile siku saba za kuacha tumbaku, ile ndoto, na ile ahadi ya bibi ya kuvutia barazani siku ya uhuru. Alisikiliza akiwa na pini midomoni, akaendelea kushona. Nikadhani hakusikia.

Siku yenyewe ilipofika mji ulimwagika kwenda uwanjani. Ngoma zilisikika tangu asubuhi. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani ambalo babu alinishonea kwa vipande vilivyobaki, na nilikuwa nimesimama mlangoni nikimngoja anipeleke. Alitoka na kanzu yake nyeupe ya Idi na kofia yake mpya. Akakaa barazani, mbele kabisa, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Akafungua kitambaa cha kijani juu ya mapaja yake.

"Mke wangu," aliniambia, "lete moto."

Nilikwenda mbio. Nilimshindilia tumbaku kwa kidole gumba kama nilivyomwona bibi, maana yeye hakujua hata pa kuanzia. Akavuta mara moja, akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Wazee wa msikitini wakipita na bendera walisimama katikati ya njia. Mmoja alimuuliza kulikoni, muadhini mzima. Babu alipangusa macho kwa kitambaa, akamjibu kwa adabu kwamba yupo mtu aliyeahidi kuvuta hapa leo, na hakuweza kuja. Yule mzee alimtazama, akainamisha kichwa, akawahimiza wenzake waendelee.

Hatukuwahi uwanjani. Tulikaa pale mpaka kaa likawa jivu, yeye akikishika kile kiko bila kukivuta tena, moshi ukipanda wenyewe na kuingia katika kanzu yake nyeupe. Machozi yake hayakukauka, na mimi sikujua ni moshi au ni nini. Mwishowe alikikung'uta, akakifunga kitambaani, akanipa nikafiche. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Bibi yako asijue," alisema.

Nikamwambia sitamwambia. Na mpaka leo sijamwambia. Lakini siku zangu zinakaribia, na nikimkuta huko, mdomo wangu mnaujua.